Ya Mchina au Orijino?

Mwezi uliopita pampu ya shambani kwangu, Mlandizi, ilianza kulia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Fundi akaifungua, akautikisa mhimili, akasema neno moja tu: beringi. Nikashika njia hadi maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam. Muuzaji, kijana mchangamfu, hakuniuliza namba kwanza.

"Shikamoo mzee. Nikupe ya Mchina au orijino?"

"Marahaba. Orijino ndiyo ipi?"

"Ya Japani, mzee wangu. Ile haina maneno."

Bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya Mchina. Nimefundisha uhandisi wa mitambo miaka mingi, na ninakiri kwamba swali la kijana yule limebeba mambo ambayo sisi walimu huyatandaza kwa muhula mzima: je, viwanda vya China vimewafikia wakubwa wa zamani, yaani Japani, Ujerumani na Marekani, au bado? Jibu lake la kaunta ni sahihi nusu, na nusu nyingine imeshapitwa na wakati. Kazi yangu leo ni kuzitenganisha nusu hizo.

Beringi ukiitazama ni kitu cha kawaida kabisa, pete mbili za chuma na gololi katikati. Fundi yeyote mwenye kerezo nzuri anaweza kuliiga umbo lake. Asichoweza kuiga ni usafi wa chuma. Beringi haifi kwa kulika juu tu. Ufa huweza kuanzia ndani, pale ilipobaki chembe ya oksaidi isiyoonekana kwa macho wakati chuma kikiyeyushwa. Gololi inapita juu ya chembe hiyo mara milioni kadhaa, chembe inazaa ufa, ufa unamenya uso wa pete, pampu inalia. Kwa hiyo anayelipa mara tatu hanunui umbo. Ananunua usafi wa chuma, na zaidi ya hapo ananunua uhakika kwamba beringi ya elfu kumi itakuwa sawa na ya kwanza. SKF ya Sweden imekuwa ikilifanyia kazi jambo hilo tangu 1907.

Nilipofika nyumbani na ile orijino nikavaa miwani na kusoma maandishi madogo kwenye boksi. Jina la kampuni lilikuwa la Kijapani. Chini yake iliandikwa kwamba imetengenezwa China.

Si lazima iwe feki, ingawa feki Gerezani hazikosekani. Wajapani na Waswidi wana viwanda vya beringi ndani ya China kwa miaka mingi sasa. Lakini maandishi yale yanavuruga swali la kaunta: ikiwa mikono ni ya Mchina, ardhi ni ya China, na huenda hata chuma chenyewe kimeyeyushwa huko, basi hicho tulicholipia mara tatu kiko wapi?

Tuanze na ukubwa ili tuumalize. China iliipita Marekani kwa thamani ya uzalishaji wa viwandani mwaka 2010, mwaka uleule ilioipita Japani na kuwa uchumi wa pili duniani. Leo karibu asilimia 30 ya thamani yote inayozalishwa viwandani duniani inatoka huko. Inayeyusha karibu tani bilioni moja za chuma kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia. Mwaka 2023 viwanda vyake vilifunga roboti mpya zaidi ya 276,000, nyingi kuliko nchi nyingine zote zikiwekwa pamoja. Kwa wingi, mjadala ulishafungwa.

Ila wingi ukigawiwa kwa vichwa unapungua makali. Pato la Mchina mmoja kwa mwaka ni takriban dola 13,000, la Mmarekani ni zaidi ya 80,000. Na kuna hesabu nyingine ninayoipenda kuliko hizo zote. Mwanauchumi Yuqing Xing na mwenzake waliichambua simu ya iPhone ya mwaka 2009, kipande kwa kipande. Kuitengeneza kuligharimu kama dola 179. Kazi iliyofanyika China, yaani kuunganisha, ilikuwa na thamani ya dola 6.50. Skrini, chipu na kumbukumbu zilitoka Japani, Korea Kusini, Ujerumani na Marekani. China ilikaza skrubu. Hata hivyo kwenye vitabu vya forodha simu nzima iliandikwa kuwa ni bidhaa ya China. Miaka kadhaa baadaye Xing alirudia hesabu hiyo kwa iPhone X, akakuta sehemu ya China imefika kama robo ya gharama. Kutoka dola sita hadi robo ndani ya muongo mmoja si mchezo. Lakini robo ni robo.

Sasa nije kwenye kalamu, maana kisa chake kinanifundisha kuliko ripoti nyingi. China ilikuwa ikitengeneza kalamu za wino bilioni 38 hivi kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2016 Waziri Mkuu Li Keqiang alilalamika hadharani kwamba nchi yake haiwezi kutengeneza ncha nzuri ya kalamu. Gololi ndogo ya mbele walikuwa nayo. Kilichowashinda ni kikombe kinachoishika, ambacho unene wa kuta zake na njia za wino ndani yake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Chuma cha kikombe hicho kilinunuliwa Japani na Ujerumani, na mashine za kukikata zilitoka Uswisi. Januari 2017 kampuni ya chuma ya Taiyuan ikatangaza kwamba, baada ya utafiti wa miaka mitano, imekipata chuma hicho. Magazeti ya China yakashangilia.

Swali ambalo wengi hawakujiuliza ni kwa nini walichelewa hivyo. Hakukuwa na uchawi wowote. Chuma cha ncha za kalamu kwa nchi nzima kinachohitajika ni kama tani elfu moja hivi kwa mwaka. Kiwanda kinachoyeyusha mamilioni ya tani hakina sababu ya kibiashara ya kuhangaika na tani elfu. Mjerumani anayo sababu, kwa kuwa kampuni yake ni ndogo, ya familia, iko kwenye mji usiojulikana, na imefanya kitu hichohicho kimoja kwa vizazi vitatu. Ukubwa, ambao ndio silaha kuu ya China, hapo haukuwa na shabaha ya kulenga.

Ichukueni hali hiyo ya kalamu muipeleke kwenye chipu, mtaona picha ileile ikiwa imekuzwa mara elfu.

Mji wa Veldhoven, Uholanzi, ndiko iliko kampuni ya ASML. Ndiyo pekee duniani inayotengeneza mashine za kuchapa chipu kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mashine moja ina uzito wa tani 180 hivi na vipande zaidi ya laki moja, na bei yake inazidi dola milioni 150. Ndani yake matone ya bati yaliyoyeyuka hudondoshwa 50,000 kila sekunde, na kila tone hupigwa na leza hadi likageuka gesi inayowaka na kutoa mwanga unaotakiwa. Leza hiyo ni ya Mjerumani, Trumpf. Mwanga huo hauwezi kupita kwenye kioo cha kawaida wala hewani, hivyo unaongozwa ndani ya ombwe kwa vioo vya kuakisi vya Zeiss, ambavyo ni laini kiasi kwamba kimoja kingetanuliwa kikalingana na Ujerumani nzima, kinundu kikubwa kabisa juu yake kisingefika unene wa karatasi mbili. Chanzo cha mwanga kinatoka San Diego. Mpango wenyewe ulianza miaka ya 1990, na chipu za kwanza za biashara zilizotumia mwanga huo ziliingia sokoni mwaka 2019. Mojawapo, mtashangaa, ilikuwa ya Huawei, kampuni ya China. Ilichapwa Taiwan na kampuni ya TSMC.

Mwaka huohuo Marekani ikaiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia yake bila kibali. Mwaka uliofuata TSMC ikalazimika kuacha kuichapia. Uholanzi haikutoa kibali cha kuiuzia China mashine hizo za kisasa kabisa. Oktoba 2022 Marekani ikakaza zaidi. Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili: mwaka 2023 China ilitumia karibu dola bilioni 350 kununua chipu kutoka nje, zaidi ya ilizotumia kununua mafuta ghafi.

Kisha Agosti 2023 Huawei ikatoa simu ya Mate 60 Pro, kimyakimya, bila hafla. Ndani yake mlikuwa na chipu ya kiwango cha nanomita 7 iliyochapwa Shanghai na kampuni ya SMIC. Walifanyaje bila mashine ya ASML ya kisasa? Walitumia mashine za kizazi cha nyuma na kurudia uchapaji mara kadhaa juu ya tabaka lilelile, kama mtu anayeandika herufi ndogo kwa brashi nene: anapaka, anakwangua, anapaka tena. Inawezekana, ila inakula muda, inaharibu vipande vingi, na ni ghali. TSMC ilikuwa imefika kiwango hicho mwaka 2018, na ilipofika mwisho wa 2022 ilikuwa tayari kwenye nanomita 3. Kwa hiyo anayesema China haiwezi amekosea, na anayesema imefika amekosea vilevile. Iko nyuma kwa miaka mitano hivi kwenye chipu yenyewe. Kwenye mashine inayoizaa chipu iko nyuma kwa umbali mrefu zaidi, kwa sababu mashine ile haikutengenezwa na nchi moja. Marekani peke yake haiwezi kuitengeneza. Uholanzi peke yake haiwezi. China inatakiwa kujifunza peke yake kile ambacho wenzake walikifanya kwa shirika.

Ndege ni hadithi ya aina hiyohiyo, nitaipita haraka. C919, ndege ya abiria ya kampuni ya serikali ya COMAC, iliruka mara ya kwanza Mei 2017 na kubeba abiria wa kulipa Mei 2023, kutoka Shanghai kwenda Beijing. Mwili ni wa China. Injini ni LEAP, ya Wamarekani na Wafaransa kwa ubia. Ndani ya injini ya ndege mapanga yanazunguka katika gesi yenye joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka cha madini ya mapanga yenyewe. Hayayeyuki kwa sababu yametobolewa vijitundu vya kupitisha hewa ya kupooza, na kwa sababu kila panga limeoteshwa kama punje moja ya fuwele, bila kiungo hata kimoja ndani. Namna ya kuliotesha imeandikwa vitabuni na wanafunzi wangu wameisoma. Tofauti kati ya kuisoma na kuyatoa mapanga elfu kumi yasiyo na dosari ni miaka arobaini ya kuharibu, kupima, kuharibu tena, na kuwa na wazee karakanani wanaokumbuka nini kiliharibika mwaka gani. Hataza haiandiki hayo. Yamo mikononi mwa watu, na huhama kwa watu kukaa pamoja.

Hapo kijana wa Gerezani ana haki. Kila kitu ambacho ubora wake umejengwa kwa kuharibu na kurekebisha taratibu kwa miongo, kiwe beringi ya hali ya juu, panga la injini, kioo cha Zeiss au kemikali za Kijapani zinazopakwa juu ya chipu kabla ya kuchapwa, humo orijino bado ina maana.

Lakini kuna msemo wetu kwamba udongo uupate ungali maji. Ukishakauka, anayekuja nyuma kazi yake ni kuukwangua. Wachina waliuelewa ukweli huu mapema kuliko wengi wetu, na aliyeuweka kwenye sera ana jina.

Wan Gang alisomea Ujerumani na kufanya kazi Audi kwa karibu muongo mmoja. Mwaka 2000 aliandikia serikali yake, na mwaka 2007 akawa waziri wa sayansi na teknolojia. Hoja yake ilikuwa rahisi na chungu. Kwa injini ya petroli, China haitawafikia Wajerumani na Wajapani kamwe; wako mbele miaka mia na hawatasimama kusubiri. Afadhali kuruka hadi gari la umeme, ambako kila mtu anaanza mwanzo.

Alikuwa na ushahidi mkononi. Volkswagen iliingia Shanghai kwa mkataba wa 1984, na baada yake zikaja nyingine, zote kwa masharti ya ubia na kampuni za Kichina. Nia ilikuwa kubadilishana: sisi tunawapa soko, ninyi mnatupa ujuzi. Soko lilitolewa. Ujuzi wa kuunda injini ulibaki Wolfsburg na Toyota City. Kampuni za serikali za China zilinenepa kwa gawio la ubia huku mikono yao wenyewe ikibaki laini. Waliofanikiwa hatimaye walitoka nje ya mpango ule kabisa. BYD ilianzishwa Shenzhen mwaka 1995 kutengeneza betri za simu. Mwanzilishi wake, Wang Chuanfu, hakuwa na fedha za kununua mitambo ya Kijapani inayojiendesha yenyewe, hivyo aliigawanya kazi katika hatua ndogondogo na kuajiri watu wengi. Mwaka 2003 akanunua kiwanda cha magari kilichochoka. Wengi walimcheka. Machi 2022 BYD iliacha kabisa kutengeneza magari yanayotumia petroli pekee, na robo ya mwisho ya 2023 iliuza magari ya betri mengi kuliko Tesla. Mwaka huohuo China ikaipita Japani kwa kuuza magari nje.

Betri za magari hayo mengi ni za chuma na fosfeti. Kemia hiyo haikugunduliwa China. Ilitoka katika maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990, na biashara ya betri za lithiamu kwa jumla ilianzishwa na Sony ya Japani mwaka 1991. Nchi zilizotangulia zilikuwa na ugunduzi na zilikuwa na kampuni. Zilichokosa ni hamu ya kuendelea kupata hasara miaka kumi huku zikijifunza kutengeneza kwa bei ya chini. CATL ya Ningde, iliyoanzishwa 2011 tu, leo inatoa zaidi ya theluthi ya betri za magari ya umeme duniani.

Kisha likaja tukio ambalo mimi, niliyekulia katika enzi ya Peugeot 504 na Land Rover, sikutegemea kuliona. Julai 2023 Volkswagen ilitangaza kuwekeza dola milioni 700 katika kampuni changa ya Xpeng ya Guangzhou ili ipate ujuzi wa elektroniki na programu za magari. Mwanafunzi wa 1984 sasa analipwa ada na mwalimu. Marekani nayo mwaka 2024 iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme kutoka China, na Ulaya ikaweka wake, mdogo zaidi. Ushuru wa namna hiyo hauwekwi dhidi ya kitu kibovu.

Reli iko katikati ya makundi haya mawili, la ujuzi wa zamani kama injini na la vitu vipya kama betri, ndiyo maana inavutia. Japani ilizindua Shinkansen mwaka 1964. China ilinunua treni na ujuzi kutoka Japani, Ujerumani, Ufaransa na Canada kuanzia 2004, ikiwashindanisha wauzaji kwa ukali: asiyekubali kufundisha, hauzi. Ilipofika mwisho wa 2024 ilikuwa na kilomita 48,000 za reli ya kasi, zaidi ya nchi nyingine zote zikijumlishwa. Kwa nini ujanja ulioshindikana kwenye magari ulifaulu kwenye reli? Kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja, serikali, na mafundi wake walikuwa wanajua kuunda treni tayari. Walihitaji daraja, hawakuhitaji kubebwa. Hawakukosa kulipa gharama ya haraka yao: Julai 2011 treni mbili ziligongana karibu na Wenzhou na watu 40 wakafa. Na hapa beringi inarudi. Treni zile zinazokwenda kilomita 350 kwa saa zilikimbia kwa miaka mingi juu ya beringi zilizotoka Sweden, Ujerumani na Japani.

Afrika Mashariki tumeiona safari hii kwa macho yetu. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na nchi ambayo wakati huo pato la mtu wake lilikuwa chini ya la Mzambia. Mwaka 2017 Wachina haohao waliwafungulia Wakenya reli ya Mombasa hadi Nairobi. Lakini Tanzania ilipotaka treni za umeme kwa reli yake ya kisasa, SGR, ujenzi wa vipande vya kwanza ulipewa Waturuki na treni zikanunuliwa Korea Kusini. Wachina wakaja baadaye kwenye vipande vya kwenda Mwanza na Kigoma. Nalisema hili kwa wale wanaodhani siku hizi hakuna mwingine sokoni.

Na wakubwa nao wana matundu yao. Sumaku zenye nguvu, zinazotumia madini adimu, zimo kwenye kila mota ya gari la umeme, kwenye ndege za kivita, hata kwenye spika ya simu yako. General Motors ilikuwa miongoni mwa waliozigundua katika miaka ya 1980. Kampuni yake tanzu, Magnequench, iliuzwa mwaka 1995 kwa kundi la wawekezaji lililokuwa na Wachina ndani yake, na baada ya miaka michache mitambo ikahamia China. Leo karibu asilimia 90 ya kusafisha madini hayo hufanyika huko. China ilipobana uuzaji wake Aprili 2025, kiwanda cha Ford mjini Chicago kilisimama kwa wiki moja kwa kukosa sumaku. Marekani ikajibu kwa kuzuia injini za C919. Baada ya wiki kadhaa kila mmoja akalegeza mkono. Ukitaka kujua ni nani anamhitaji nani, mambo ya miezi mitatu ile yanatosha.

Watu huniuliza kuhusu akili mnemba. Januari 2025 DeepSeek ya Hangzhou ilitoa programu iliyokaribiana na za Wamarekani kwa gharama ndogo, na kwa siku moja kampuni ya chipu ya Nvidia ikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani sokoni. Ni sifa ya kweli. Ila programu hiyo ilifundishwa juu ya chipu za Nvidia zilizochapwa Taiwan. Tumesharudi Veldhoven.

Sitaki msomaji aondoke akidhani njia hii ni ya bure. Wachina wana neno, neijuan, yaani kujizungusha ndani kwa ndani, ambalo sasa hata serikali yao inalitumia kwa kulalamika: kampuni mia zinatengeneza kitu kilekile kwa ruzuku za mikoa, zinashushiana bei hadi hakuna anayepata faida. Suntech ya Wuxi, iliyoanzishwa na Shi Zhengrong aliyesomea sola Australia, iliuza hisa New York mwaka 2005 na kuwa fahari ya taifa. Machi 2013 ikafilisika. Waliobaki walijifunza kwa fedha zake. Mfumo huu unazaa bei ya chini na ujuzi mwingi, na unaacha mizoga. Nchi yenye mfuko mdogo haiwezi kuuiga hivihivi.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama Tanzania ifuate njia ya China nawarudishia swali: kwa udongo upi? Tuna grafiti Mahenge na Lindi. Kuichimba ni jambo moja. Kuisafisha na kuiumba hadi iwe anodi ya betri ni jambo jingine, na hilo kwa sasa karibu lote linafanyika China. Udongo huo kwao unaanza kukauka. Kwetu bado hatujaugusa, na vyuo vyetu vinaendelea kuwafundisha vijana injini ya petroli, mimi nikiwa mmoja wa wanaoifundisha.

Beringi nimeifunga, pampu imenyamaza. Nilichukua ile ya mara tatu, na ningeichukua tena, maana kwa kitu kile bado nalipia ujuzi wa miaka mia, hata kama umepigiwa muhuri China. Pampu yenyewe inaendeshwa na paneli nane za sola zilizo juu ya banda la kuku. Zote ni za China. Siku nilipozinunua, hakuna muuzaji aliyeniuliza kama nataka za Mchina au orijino.